Kitenzi "get": mwongozo kamili kwa mtu wa Lubumbashi anayejifunza Kiingereza

Mtu aliyesoma kwa Kifaransa hapa Lubumbashi, siku anapofungua kitabu cha Kiingereza, hukuta nusu ya maneno anayajua tayari. "Obtain" ni obtenir, "receive" ni recevoir, "arrive" ni arriver, "acquire" ni acquérir. Anafurahi, anaandika barua nzuri, mwalimu anampa alama. Halafu anashuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kufuata mzigo, dereva Mzambia anafungua dirisha la lori na kumwambia: "Did you get the papers? I got stuck at the gate. Let's get it cleared and get going." Katika sentensi zote hizo hakuna obtain, hakuna receive. Kuna "get" mara nne, na kila mara imebeba maana yake.

Sababu iko kwenye historia, na kuijua kunasaidia kazi yote inayofuata. Mwaka 1066 Wanormandi walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo mahakama na ikulu zilisema Kifaransa, ndiyo maana maneno kama obtain na receive yalikaa upande wa ofisi na karatasi. "Get" ilitoka upande mwingine kabisa: kwa Waviking waliohamia kaskazini na mashariki ya Uingereza, ambao lugha yao ilikuwa na kitenzi geta. Kufikia miaka ya 1200 Waingereza walikuwa wakiitumia. Ni neno la jikoni, la soko na la barabarani. Kwa hiyo sisi tuliopitia Kifaransa tunaingia Kiingereza kwa mlango wa ofisi, na mtaani tunakwama. Mwongozo huu ni wa kukutoa ofisini ukaingie mtaani, kisha kukuonyesha namna ya kurudi ofisini ukitaka.

Shika maana ya mzizi kabla ya yote

Kamusi itakwambia "get" ni kupata. Si uongo, ila ukilishika hilo peke yake utapotea kwenye sentensi ya tatu. Shika hili badala yake: "get" inasema kwamba kitu kimebadilika. Kabla yake hukuwa nacho, sasa unacho. Au hukuwa mahali fulani, sasa upo. Au hukuwa katika hali fulani, sasa umeingia. Kupata, kufika na kuingia katika hali ni mambo matatu kwetu, kwa Mwingereza ni tendo moja.

Utajuaje ni lipi kati ya hayo? Tazama neno linalofuata "get". Hiyo ndiyo kanuni ya mwongozo huu wote. Usitafsiri "get" kabla hujasoma neno la pili.

Hatua ya 1: Matamshi na sura zake

Kifaransa kinatufundisha kwamba g ikifuatwa na e inasomwa kama katika Georges. Kwenye "get" usifanye hivyo, maana utatamka "jet", nalo ni neno la ndege. G hapa ni ile ya gari na gunia. Irabu ni fupi. Ukiivuta inakuwa "gate", yaani lango, na pale mpakani neno gate linatajwa siku nzima, kwa hiyo utawachanganya watu kweli.

Sasa: I get, you get, he gets. Wakati uliopita: got. Umbo la -ing: getting, kwa t mbili. Baada ya have, Mwingereza anasema "I have got", Mmarekani anasema "I have gotten" anapomaanisha amepata au amekuwa. Zambia ilitawaliwa na Waingereza hadi 1964, na Kiingereza chake kimefuata njia hiyo, kwa hiyo Kitwe na Ndola tumia "got" bila wasiwasi. Ukifanya kazi na Wamarekani utasikia "gotten". Elewa, wala huna haja ya kuiga.

Kuuliza na kukana ni kwa do: "Did you get it?" "I didn't get it." Wengi wetu tunaleta être ya Kifaransa hapa na kusema "Are you got". Haipo.

Hatua ya 2: "Get" ikifuatwa na kitu

Hapa ndipo "kupata" inafaa zaidi, lakini hata hapa ina matawi.

"I got a job" ni nimepata kazi. "I got your message" ni nimepokea ujumbe wako. "I got this phone in Kitwe" kwa kawaida inamaanisha niliinunua huko. "She got 62 percent in the state exam" ni matokeo ya Examen d'État (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari), na hakuna neno jingine la kawaida zaidi kwa alama. "He got malaria" ni ameugua malaria. Usiseme "he took malaria", hata kama Kiswahili chetu kinakubali homa imshike mtu. "Let's get a taxi" ni tuchukue taksi.

Tawi ambalo watu wetu hulikosa ni la kwenda kuchukua na kurudi. Kifaransa kina aller chercher, sisi tunasema kwenda kumfuata mtoto shuleni. Mwanafunzi anaunda: "I go to search my child at school." Mzambia akisikia hivyo atashtuka, maana search bila for ni kumpekua mtu, na search for ni kutafuta kilichopotea. Sema: "I'm going to get my child from school." Vivyo hivyo mama akimwambia mtoto "get me some water", anataka ayalete.

Mpangilio una njia mbili, zote sahihi: "get me a stamp" au "get a stamp for me". "Get to me a stamp" si sahihi.

Kuna jambo la kitenzi cha Kifaransa gagner ambalo linastahili kusimama kidogo. Kwetu kugagner kunafunika mshahara, faida, bahati nasibu na mechi. Kiingereza kimevigawa. Mshahara unaotoka kwa jasho ni "earn": "I earn 300 dollars a month." Mechi au bahati nasibu ni "win". Kitu kinachoongezeka kidogo kidogo, kama uzito au uzoefu, ni "gain". "Get" inaweza kukaa mahali pa earn katika mazungumzo: "How much do you get a month?" Kwa mechi haikai. TP Mazembe hawakupata mechi, walishinda: "They won the match."

Hatua ya 3: "Get" ikifuatwa na sifa

Hii ndiyo hatua yenye utajiri, na ndiyo ambayo mtu wa Kiswahili ana faida kubwa kuliko Mfaransa. Tatizo hakuna anayemwambia.

Wanafunzi huuliza kila mara: tofauti ya "I am tired" na "I get tired" ni nini? Kifaransa hakiwasaidii sana. Kiswahili kinajibu chenyewe. Tazama:

Nimechoka: "I am tired."
Ninachoka: "I'm getting tired."
Nilipofika Kipushi nilichoka: "When I reached Kipushi I got tired."

-me- yetu kwenye vitenzi vya hali inasema tayari nimo ndani ya hali, na Kiingereza kinaweka "be". -na- inasema naelekea kuingia, na Kiingereza kinaweka "getting". -li- ya tukio inasema niliingia, na Kiingereza kinaweka "got". Jaribu na vitenzi vingine uone kinavyoshika:

Amekasirika, "he is angry". Anakasirika, "he's getting angry". Alikasirika aliposikia bei, "he got angry when he heard the price".

Tumepotea, "we are lost". Tulipotea Ndola usiku, "we got lost in Ndola at night".

Wameoana, "they are married". Walioana 2019, "they got married in 2019". Na hapa ongeza kitu kimoja: Kiswahili kinasema kuoana na, Kifaransa se marier avec, ndiyo maana wengi wetu tunasema "married with". Kiingereza kinasema "to": "She got married to a driver."

Nimezoea, "I'm used to it". Ninazoea, "I'm getting used to it". Utazoea, "you'll get used to it". Baada ya "used to" weka jina (nomino) au -ing: "I got used to driving on the left." Sentensi hiyo mtu wa Lubumbashi ataihitaji, kwani akivuka tu Kasumbalesa anahama upande wa barabara.

Ukijua -me- na -na- za lugha yako, umeshajua "be" na "get" za Kiingereza. Zoezi zuri ni kuchukua vitenzi vya hali unavyovitumia kila siku (kulewa, kulowa, kunenepa, kupona) na kuviandika katika nyakati hizo tatu, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia.

Mipaka ya hatua hii ni mitatu. Kwanza, "get" ya hali haikai mbele ya jina. "My brother got a doctor" inamaanisha kaka yangu alipata daktari wa kumtibu. Ukitaka kusema amekuwa daktari, sema "became a doctor". Pili, baadhi ya hali zina kitenzi chake: nyama au samaki kuoza ni "go bad", kulala usingizi ni "fall asleep". "Get asleep" hutaisikia. Tatu, bei na dola zinapopanda, watu husema "go up": "The dollar is going up." "Get high" usiiguse kabisa, ni kulewa bangi.

Hatua ya 4: "Get" ikifuatwa na mahali

Hapa ni kufika. "What time did you get to Kasumbalesa?" Mji au mahali panachukua "to". Lakini home, here na there hazitaki "to": "I got home late", "when we get there". Ndiyo hayo.

Kosa la kweli linakuja unapobadilisha "get" na "arrive". Kifaransa kinasema arriver à, tukaleta "arrive to". Kiingereza kinasema "arrive in" kwa mji au nchi, na "arrive at" kwa mahali kama mpaka, kituo au ofisi. Na "reach" haitaki chochote: "The truck reached Lubumbashi." Kwa hiyo kama vihusishi hivi (in, at, to) vinakusumbua, "get to" ni rahisi kuliko zote.

Kupanda na kushuka: gari dogo unaingia ndani, kwa hiyo "get in" na "get out of". Basi, treni, ndege, meli, pikipiki na baiskeli ni "get on" na "get off". Fikiria kama kuna nafasi ya kusimama na kutembea ndani, au kama unakikalia juu. Kwa taxi-bus ya Kamalondo ambamo huwezi kusimama wima, watu husema "get on" pia, maana ni basi.

Hatua ya 5: "Get" ya kutendwa

Kiswahili kina -wa: kulipwa, kuibiwa, kukamatwa. Kiingereza kina njia mbili, "be" na "get". "I was robbed" na "I got robbed" zote ni niliibiwa. "Get" inaleta tukio lenyewe, tena mara nyingi tukio baya au la bahati: got stopped, got arrested, got fired, got promoted, got paid. Ni ya mazungumzo.

Faida yake ni kuondoa utata. "The window was broken" inaweza kumaanisha kioo kilikuwa kimevunjika tangu zamani au kilivunjwa wakati huo. "The window got broken" ni tukio tu: kilivunjika. Mwenye lori anayeripoti ajali kwa bima anahitaji tofauti hiyo.

Vitenzi vya akili na moyo, kama know, like na understand, havikai vizuri hapa. Usiseme "the problem got understood".

Hatua ya 6: Kumfanya mtu afanye, na kufanyiwa kazi

Mapapa (akina baba) wengi wanaofanya kazi na mafundi na duane (forodha) wanaipenda hatua hii wakishaiona, kwa sababu maisha yao yote ni kumfanya mtu mwingine afanye.

Umbo la kwanza: get + mtu + to + kitenzi. "I got the driver to wait." Nilimshawishi dereva asubiri. Ndani yake kuna maneno, kubembeleza, pengine soda. Linganisha na ndugu zake: "I made the driver wait" ni nilimlazimisha, "I let the driver wait" ni nilimruhusu, "I had the driver wait" ni nilimwagiza kwa sababu ni mtu wa chini yangu. Sasa tazama "to". Make, let na have hazina "to". "Get" peke yake inayo. "I got him wait" ni kosa, "I made him to wait" nayo ni kosa. Kifaransa chetu, je l'ai fait attendre, hakina alama yoyote ya kutukumbusha, kwa hiyo lazima uikariri.

Umbo la pili: get + kitu + kitenzi kilichotendwa. "I need to get my passport stamped." Pasipoti haijigongi muhuri, wala huigongi wewe, kuna ofisa. "We got the tyre fixed in Chingola." Fundi ndiye aliyetengeneza. Kiswahili kinakuruhusu kusema "nilitengeneza gari" hata kama fundi ndiye aliyelala chini yake mchana kutwa. Kwa Kiingereza "I repaired the car" inamaanisha mikono yako ndiyo iliyochafuka na oili. Na kwenye nywele ni wazi zaidi: sisi tunasema nimenyolewa, Mwingereza anasema "I got my hair cut". "I cut my hair" ni kwamba ulishika mkasi mwenyewe mbele ya kioo.

Wakala wa duane akiandika "I'm getting your container cleared today", anasema: kuna watu wa kusaini, mimi nawafuata mmoja mmoja mpaka kazi iishe. Sentensi moja imebeba siku nzima ya kuhangaika.

Hatua ya 7: "Have got", "have got to" na "get to"

"I've got a brother in Ndola" ni nina kaka Ndola. Si nimempata. Hapo hata Mmarekani anasema got. Kwake "I've gotten a car" ni nimepata gari, "I've got a car" ni nina gari.

"I've got to go" ni lazima niende.

"I got to see him" bila have ni nilipata kumwona, nilipata nafasi. Kiswahili kimefanana nayo neno kwa neno: kupata kuona, kupata kujua. "Get to know" ni kuzoeana na mtu.

Hatua ya 8: Maneno yaliyoungana

Usikariri orodha ndefu. Chukua yale yanayotumika barabara ya Kasumbalesa.

"Get through" ina kazi tatu: kupita mpakani, "we got through customs at noon", kumpata mtu kwenye simu, "I called but I couldn't get through", na kuvuka wakati mgumu. 

"Get back" ni kurudi, lakini "I'll get back to you" ni nitakujibu. Hii inaumiza watu. Mfanyabiashara anapokea ujumbe huo kutoka ofisi ya Kitwe, anakaa nyumbani kumsubiri mgeni, na mgeni hana mpango wa kuja. Alimaanisha atapiga au ataandika.

"Get by" ni kujikimu au kujimudu. Wakikuuliza kama unasema Kiingereza, "I get by" ni jibu la heshima, halijisifu wala halijidharau.

"Get along with" ni kupatana na mtu. "Get over" ni kupona ugonjwa au huzuni. "Get rid of" ni kuondoa kitu usichokitaka. "Get away with" ni kufanya kosa bila kuadhibiwa. "Get up" ni kuondoka kitandani, wakati "wake up" ni kufumbua macho tu; mtu anaweza ku-wake up saa kumi na moja asi-get up mpaka saa moja.

"I get it" au "got it" ni nimeelewa. "Sorry, I didn't get your name" ni sikulisikia vizuri jina lako, ni adabu. Simu ikilia na mtu akisema "I'll get it", anaenda kuipokea. Mezani akisema "I'll get this", analipa.

Adabu pia. "Get me the boss" ni amri. Mbele ya ofisa sema "Could you get me the form, please?" Dukani "Can I get a Fanta?" ni ya Kimarekani, "Could I have a Fanta, please?" inakubalika kila mahali. "Get out" na "get lost" ni za kufukuza mtu, na mtu mzima haambiwi hivyo.

Hatua ya 9: Visawe, na lini uache "get"

Sasa turudi ofisini. Katika barua ya kuomba kazi kwenye kampuni ya mgodi, katika ripoti au mkataba, "get" inapunguza uzito wa maneno yako. Hapo Kifaransa chako kinakuwa rafiki tena. Ila kila kisawe kina kazi yake, havibadilishani ovyo.

"Obtain" ni kupata kwa kufuata utaratibu: kibali, viza, cheti. "Receive" ni kitu kikujie bila wewe kuhangaika: barua, malipo, zawadi. Ukiandika "I obtained your letter", msomaji atajiuliza uliipataje, kana kwamba uliitoa mahali pa siri. "Acquire" ni ya vitu vikubwa au vya kudumu: ardhi, kampuni, ujuzi. "Purchase" ni kununua kwa lugha ya karatasi, "buy" ya kawaida. "Fetch" ni kwenda kuleta. "Catch" ni kwa basi unaloliwahi na kwa ugonjwa unaoambukiza. "Become" ni kuwa, na tofauti na "get" ya hali, inakubali jina baada yake. "Understand" ni kuelewa. "Persuade" ni kushawishi, nayo pia inataka "to". "Manage to" ni kufaulu kufanya, na ni dawa ya "I arrive to open the door" ambayo tunaitoa kwenye arriver à.

Tazama habari moja katika mavazi mawili. Kwanza kwenye WhatsApp, kwa mwenye lori mnayejuana:

"Hi boss, I got your message. The truck got stopped at the border, but I'm getting it cleared. It should get to Lubumbashi tonight. I'll call you when it gets here."

Kisha kwa barua pepe, kwa ofisi ya kampuni:

"Dear Sir, I have received your message. The truck was stopped at the border and I am arranging its clearance. It should arrive in Lubumbashi this evening. I will inform you as soon as it arrives."

Linganisha sehemu kwa sehemu. Got imekuwa received, kwa sababu ujumbe ulikuja wenyewe. Got stopped imekuwa was stopped. Getting it cleared imekuwa arranging its clearance, na hapa angalia: ukiandika tu "it is being cleared", umejiondoa kwenye kazi, mkubwa hajui ni nani anayehangaika. Get to Lubumbashi imekuwa arrive in. Gets here imekuwa arrives. Habari ni ileile, na kila moja ikitumwa mahali pa nyingine inasikika vibaya: barua pepe ile ukiituma kwa dereva rafiki yako, atadhani umemkasirikia.

Mazoezi

Funika majibu kwa mkono, andika yako kwanza.

1. Mvua ilitukuta Katuba, tukalowa.
2. Dada yangu amekuwa injinia.
3. Nilikupigia jana, sikukupata.
4. Shuka kwenye pikipiki, papa.
5. Utazoea baridi ya mwezi wa sita.
6. Nilitengeneza simu yangu kwa fundi pale Kenya, hapa Lubumbashi.
7. Nilimwomba sana ofisa mpaka akakubali tusubiri ndani.
8. Ningependa kupata kibali cha kupitisha mzigo. (Hii ni barua.)

Majibu. Ya kwanza: "We were caught in the rain in Katuba and got wet", wet ni sifa, kwa hiyo got. Ya pili: "My sister has become an engineer", kwa sababu injinia ni jina. Ya tatu: "I called you yesterday but I couldn't get through." Ya nne: "Get off the motorbike, please", papa wetu anageuka kuwa please, au sir kama hamjuani. Ya tano: "You'll get used to the cold in June." Ya sita: "I got my phone repaired in Kenya", na kwa kuwa Mzambia atafikiria nchi ya Kenya, ongeza "a part of Lubumbashi". Ya saba ina vitenzi viwili vya hatua ya 6 pamoja: "I got the officer to let us wait inside", "to" iko mbele ya let kwa sababu ya got, na haipo mbele ya wait kwa sababu ya let. Ya nane: "I would like to obtain a transit permit." Ukiweka "get" watakuelewa pia, na kibali kitatoka, ila kwenye karatasi yenye muhuri obtain inakaa vizuri zaidi.